Nambari Arobaini na Nne

Mume wangu Kirimi hupenda miti kuliko watu, na mimi nimo katika hao watu. Kwa miaka kumi na moja amekuwa mlinzi wa hifadhi iliyo juu ya mashamba yetu ya majani chai, huku Meru, na ukimuuliza habari za mweria utaunguza chakula ukimsikiliza. Gome la mti huo ni dawa ya wazee wanaosumbuliwa na mkojo. Ukiambua upande mmoja, mti hupona. Ukiuambua kuuzunguka wote, unakufa ukiwa umesimama. Wezi hawana wakati wa upande mmoja.

Basi ofisi ya hifadhi ikatoa amri: kila mweria upakwe nambari kwa rangi ya manjano, ili ujulikane na usiguswe. Kirimi akapanda na kushuka makorongo kwa miezi minne, akapaka miti arobaini na mitatu. Vidole vikawa vya manjano hata kanisani. Alijivuna sana, maskini.

Zamani mwizi alihitaji mtu anayeujua huo mti. Sasa hata asiyeweza kutofautisha mweria na avokado alifuata nambari tu. Kabla ya mwaka kwisha ilibaki tisa, yote michanga, isiyozaa bado.

"Baba Kanana," nilimwambia, "hujalinda miti. Umewaandikia wezi menyu."

Aliandika ripoti, akaandika na nyingine, kwa ule mwandiko wake mzuri, kwamba nambari ndizo zinazoua. Ofisi ilikaa miezi mitatu, kisha ikamtumia mkebe mwingine wa rangi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipokataa kukoma nikajua sicheki tena.

Ila kulikuwa na mmoja ambao ofisi haikuujua. Kirimi aliukuta bondeni baada ya wizi kuanza, mweria mkubwa mzee, mbega wakishindana juu yake kula matunda. Hakuupaka wala hakuuandika popote. Mbegu zake hazikai, lazima zipandwe mbichi, kwa hiyo msimu ukifika alirudi na mifuko imejaa, akazipanda nyuma ya jiko katika paketi za maziwa nilizokuwa nimejiwekea. Miche thelathini na mmoja ikaota.

Mwezi wa tatu mwaka huu wakaja wajenzi wa fensi ya kuzuia ndovu, na mstari wao ukapita palepale bondeni. Gitobu, kijana wa ofisi anayeshika rekodi, akafungua tableti yake.

"Mzee Kirimi, hapa kwa sistimu hakuna mti. Kitu haina namba ni kichaka tu. Ingekuwa na namba, fensi ingezunguka. Hiyo ndiyo sheria."

Mwenye msumeno alikuwa ameshatia petroli. Kirimi akaja nyumbani mbio, akatoa mkebe chini ya kitanda. Mimi nikasimama mlangoni.

"Ukiupaka, watauambua."

"Nisipoupaka, wataukata saa hii. Sogea, Mama Kanana."

Nikasogea. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo, na sikujua nimkasirikie nani.

Fensi ikakata kona, mti ukabaki. Siku kumi na tisa baadaye Kirimi aliukuta umeambuliwa kuanzia mizizini hadi mahali ngazi inapofika. Kipande kimoja tu cha gome kiliachwa, ukubwa wa sahani, kwa sababu wanunuzi hawataki gome lenye rangi. Kilikuwa kimeandikwa 44.

Alirudi akakaa jikoni, akakataa chai, akalia. Sisemi hivyo kumwaibisha. Wa kuaibika ni wengine.

Jumatatu Gitobu akaja kuchukua ripoti, akaona paketi zangu nyuma ya jiko.

"Hizi ni miche gani, Mzee? Kama ni mweria, lazima iingie kwa rekodi. Kila moja na namba yake."

Nilimwangalia Kirimi. Kunyamaza alikuwa ameshajifunza, lakini uongo ulikuwa haujamtoka mdomoni, hata ule mdogo wa kumsifia mtu mboga isiyo na chumvi.

"Hizo ni avokado za Mama Kanana," akasema.

Gitobu akainama, akashika jani, akalisugua kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Akaandika: avokado, thelathini na moja. Kisha akaniomba mche mmoja ampelekee mama yake Mikinduri, akaupande karibu na nyumba.

Nilimchagulia ulionawiri kuliko yote. Nikamwambia amweleze mama yake asiukate hata ukionekana kama hauna faida, maana avokado ya aina hii huchelewa sana kuzaa.