Kaseti za Kaka Seif kutoka Maskati

Naikumbuka siku moja ya msimu wa karafuu, mwanangu, ukumbi wetu ulipojaa watu hata wengine wakakaa juu ya magunia. Hapakuwa na harusi wala msiba. Walikuja kumsikiliza kaka yangu Seif, naye yuko Maskati.

Nyinyi leo mtu akisimulia maisha yake mnamtazama kwenye simu hadi meno mnayaona. Sisi tulikuwa na kaseti. Aliye ng'ambo alikaa mbele ya redio ya kurekodi, akazungumza upande mzima wa kaseti, akampa mtu anayerudi Pemba. Ikifika, haikuwa ya mama yake peke yake. Majirani hawakungoja kualikwa, na ukiisikiliza mlango umefungwa utaambiwa una la kuficha.

Seif alikuwa na mdomo mtamu. Alisimulia alivyoondoka bandari ya Mkoani na mkoba mmoja, akaanza kwa kubeba mizigo, na sasa ni msimamizi wa duka, analala chumba chenye kiyoyozi. "Vijana wenzangu, msikate tamaa," alisema, na vijana ukumbini wakatikisa vichwa kama wamo kwenye hotuba ya Ijumaa. Aliyetikisa zaidi ni Hamad, ndugu yetu anayemfuatia. Paspoti alikwisha pata, na mtu wa kununua mikarafuu aliyoachiwa na baba alikwisha mpata. Lililobaki ni Mama kuridhia.

Watu walipoondoka nikabaki na Mama tunachambua karafuu. Nikamwambia kaka kafanikiwa, tumshukuru Mungu.

"Tumshukuru," akasema. "Lakini umemsikia kauliza kitu?"

Sikumwelewa.

"Seif nimemzaa mie. Tangu mdogo ana maswali hata chakula kimo mdomoni. Leo kaseti nzima hakuuliza mvua, hakuuliza ng'ombe, hakuuliza hata mguu wangu huu. Anaogopa kutuuliza, tusije nasi tukamuuliza yeye."

Nilidhani ni uchungu wa mama tu, anamtaka mwanawe karibu. Kesho yake akaniambia nifunge mlango nitie kaseti mpya, arekodi yeye. Habari za duka la Seif hakuzigusia kabisa. Alimsimulia ya kwake: paa la jiko lilivyoanguka, mguu unavyomkesha, na alivyopika siku ya Idi chakula anachokipenda Seif, kisha akakaa jikoni akalia peke yake. Hayo hata mimi niliyekaa naye nyumba moja nilikuwa siyajui. Mwisho akasema: "Na yako, baba, tutaisikiliza mie na dada yako, mlango tumefunga. Majirani watasema. Na waseme."

Jibu lilichukua muda kuja. Lilipokuja, sauti ilikuwa ya chini, si ile ya ukumbini. Dukani alikwisha achishwa zamani. Alikuwa analala ghalani kwa watu, na chumba cha kiyoyozi alikijua kwa kukipiga deki. "Mama, najua kaseti yangu inasikilizwa na mtaa mzima," alisema. "Ningesema nini mbele ya watu wote wale?" Halafu akauliza mguu unaendeleaje. Mama alikuwa analia, hapo akacheka. "Huyu ndo Seif," akasema.

Mimi nikainuka mbio nikamwite Hamad aje asikie, kabla hajauza mikarafuu. Mama akaichukua kaseti akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kaniambia mie, hajamwambia Hamad. Mwenyewe hajatoa ruhusa."

Alichomwambia Hamad ni kusubiri tu. Mwanangu, Hamad alihamaki! Akasema Mama anampenda Seif tu, na yeye Hamad anataka kumfanya mchunga ng'ombe hadi uzeeni. Akasusa kula nyumbani. Mama aliyameza yote yale, na neno moja tu lingemtoa katika lawama. Wakati ule nilimwona mkaidi. Leo nina watoto wangu, na nikikumbuka alivyokuwa akimwekea Hamad sahani asiyokuja kuila, moyo unaniuma.

Akamtumia Seif kaseti nyingine kumwomba ruhusa. Kaseti haikujibiwa. Alikuja Seif mwenyewe.

Ukumbi ukajaa tena, na safari hii redio imezimwa. Akasimulia kwa mdomo wake, ghala na deki na njaa. Mzee mmoja aliondoka katikati, na wengine walitazamana wakabana vicheko. Hamad aliinama, kisha akaenda kukaa miguuni kwa Mama mbele ya watu wote. Mwaka uliofuata alisafiri vilevile, lakini mikarafuu hakuiuza, na alijua mapema la kumuuliza mwajiri.

Basi mwanangu, hizo simulizi za maisha mnazorekodi sizikatai. Wajukuu huniwekea nami nasikiliza, na nyingine hunitoa machozi. Ila ukimsikiliza mtu aliyeshinda, jiulize pia nini hajakisema, kabla hujauza chako umfuate. Zamu yako ya kusimulia ikifika, pataje na pale palipouma, maana yuko mtu ndani ya dhiki anayetaka kusikia pale hasa. Siri ya mwenzio usiitie humo bila idhini yake, hata kama ingewaliza watu wote.

Na kubwa kuliko hayo ni hili. Kaka yangu hakuwa mwongo. Sisi tuliojazana ukumbini tulimtaka mshindi, akatupa mshindi, naye analala ghalani. Ukiwa msikilizaji, uwe mtu ambaye aliyeshindwa anaweza kusema mbele yako.

Mungu akulinde huko uendako, akupe kauli ya kweli, na asikukoseshe mtu mmoja wa kukufungia mlango akakusikiliza. Amin.