Nusu Shambulizi kwenye Fainali ya Beberu

Kwenye fainali ya kugombea beberu, hapa kwetu Ilongero, nilipewa daftari niandike mashambulizi. Mashindano yaliyotangulia, penalti zilileta ngumi, basi wazee wakaamua: wakitoka sare, timu iliyoshambulia zaidi inaondoka na beberu. Wakanichagua mimi, mzee mwenzao niliyeishia darasa la saba, eti sipendelei. Sikuwa na uhakika hata shambulizi linaanzia wapi.

Timu ya mlimani walibutua mpira juu na kuuachia upepo. Nikajiuliza, hapo anayeshambulia ni wao au upepo? Nikawaandikia wao, maana upepo haukusajiliwa kwingine. Timu ya bondeni walipasiana taratibu, kama watu wanaopokezana mtoto aliyelala. Wakifika golini wanasita, utadhani wanapiga hodi. Nao nikawaandikia.

Dakika za mwisho bado ilikuwa bila kwa bila, na daftari linasema tisa kwa tisa. Mshambuliaji wa mlimani akachomoka, akampiga chenga kipa, goli tupu. Ghafla akasimama. Nyuma ya goli alikaa mama mkwe wake, juu ya ndoo, na kwetu mama mkwe humwendei mbio wala humkodolei macho. Kijana akageuka na mpira wake, akaukokota mpaka upande wao, kichwa chini. Filimbi ikalia.

Kapteni wa bondeni alinifikia wa kwanza, ana hasira. "Shikamoo mzee. Yule kakimbia! Tangu lini kukimbia ni kushambulia?"

"Na kipa wenu nani kamlaza chini?" akadakia kapteni wa mlimani. "Mama mkwe?"

Nikaona nimwulize mama mwenyewe.

"Shikamoo mama. Mpira ulikuwa unakuja golini?"

"Marahaba. Nitajuaje? Niliona mkwe wangu anakuja, nikajifunika khanga."

"Kwa hiyo alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja. Halafu akakumbuka adabu."

Nikaandika nusu. Tisa na nusu kwa tisa. Mlimani wakambeba beberu mabegani. Bondeni wakaniita mimi jina la mnyama huyohuyo.

Siku mbili sikupata raha. Ya tatu nikamfuata kapteni wa bondeni shambani kwake, kwenye alizeti, nikamwambia huenda nilizidisha, huenda ilikuwa robo.

Akaweka jembe chini, akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Hata kwa robo tumefungwa, mzee."

Nikarudi nyumbani, roho imetulia kidogo.