Nyama Iliyokwenda Kupigwa Picha

Mwaka ule shahada yangu ya uzamili ilitegemea nyama ya kusaga. Naeleza taratibu, maana hata mwenye bucha hakunielewa mara ya kwanza.

Miale ya eksirei ikipita kwenye kitu, mingine hupinda njiani na kutawanyika, na kila kitu huitawanya kwa namna yake. Mafuta yana nundu yake kwenye grafu, na misuli ina yake, mbali kidogo. Kazi yangu, katika maabara ya chuo hapa Nakuru, ilikuwa kutafuta plastiki inayotawanya miale kama misuli, ili mafundi wa hospitali wajaribie mashine zao kwenye plastiki badala ya binadamu. Mashine nilipewa Jumamosi tatu tu. Msimamizi wangu, Daktari asiyecheka na mtu, aliniambia waziwazi: grafu ya misuli isipotoka safi, hasaini, na nitarudia mwaka mzima.

Plastiki hazikunisumbua. Nilikata ubao wa jikoni, kipande cha nailoni na mfuniko wa mtungi wa maji, na kila kimoja kikatoa grafu yake ileile kila mara, kwa adabu. Nyama ndiyo iliyoniaibisha. Ijumaa jioni nilinunua steki iliyotolewa mafuta yote, nikaisaga na kuiweka kwenye friji nyumbani. Nyanya yangu, aliyeshuka kutoka Dundori kutibiwa goti, aliniuliza hiyo ni ya nini. Nikamwambia kwa kifupi kwamba nyama hiyo inakwenda chuoni kupigwa picha. Alinitazama kwa huruma, akasema Mungu anisaidie.

Jumamosi nikaijaza kwenye vikopo, nikaipima. Grafu ikatoka na nundu mbili: ya misuli, na kando yake ya mafuta, imesimama bila haya.

"Hii ni misuli ama ni mandazi?" Daktari akauliza.

Jumamosi ya pili, yaleyale. Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri. Nilikwenda moja kwa moja buchani, nikamwambia mwenye bucha mbele ya wateja kwamba ananichanganyia mafuta. Akaweka kisu chini.

"Boss, nimeuza nyama hapa tangu hujajua kunyoa. Ulisema hutaki mafuta, nikatoa hata yenye haionekani. Kama machine yako inaona mafuta, hiyo machine iko na njaa."

Wateja wakacheka. Niliondoka nimefura, na sikuomba radhi.

Jumamosi ya tatu wasiwasi uliniamsha mapema. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikikuta jikoni, kimejifunga leso. Nyanya alikuwa amepakata bakuli langu, mkono umezama kwenye nyama, na mkebe wa siagi ya ng'ombe wake uko wazi mezani. Aliikanda polepole, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

"Shosho! Unafanya nini?"

"Si ulisema inaenda kupigwa picha? Kwetu hakuna mtu huenda kupigwa picha bila kupakwa mafuta. Ikienda imepauka hivyo, watu wa chuo watasema umetoka kwa watu gani?"

Nilitaka kulia. Lakini nilikumbuka picha zangu zote za utotoni, uso uking'aa kama sufuria mpya. Nikakimbia buchani na kandambili zangu, nikaomba radhi mbele ya foleni nzima. Mwenye bucha alinisamehe, ila alihudumia watu wote kwanza ndipo akanikatia steki nyingine. Haki yake. Siku hiyo grafu ilitoka na nundu moja, safi, na Daktari akasaini.

Wakati wa kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliuliza nitajuaje kama njia yangu ingetambua mafuta kidogo yaliyojificha ndani ya misuli. Nikatoa zile grafu mbili zilizoharibika. Nikasema nyama ile ilitiwa siagi.

"Na nani?"

"Na nyanya yangu."

Hata Daktari alicheka. Wakanipitisha.

Siku ya mahafali, mpiga picha alipoinua kamera, nyanya alimsimamisha kwa mkono. Akatoa kikopo cha mafuta mkobani, akaanza kunipaka usoni mbele ya maprofesa, nami nimesimama na joho langu, nimefumba macho.

"Kwa hivyo umesoma miaka miwili," akasema akinisugua paji la uso, "ndio ujue nilitia siagi?"

"Ndiyo, shosho."

"Si ungeniuliza tu."