Nilimdanganya Mume Wangu Kuhusu Lango la Nyuma

Admin, jina langu lifunike kabisa, na kambi ninayofanyia kazi usiniulize hata kwa inbox. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa upande wa Nyamache, na nyumba yetu iko Nyamira mjini. Nafanya kazi na jeshi lakini mimi si mwanajeshi, ni raia. Sivai sare, sishiki bunduki. Kazi yangu ni usalama: namchunguza fundi, mpishi, mleta mboga, yeyote anayetaka kuingia kambini, na kuwafundisha wafanyakazi wenzangu wasiropoke huko nje. Kambi iko mbali, kwa hivyo huja nyumbani mwisho wa mwezi, nakaa kidogo narudi. Majirani wanajua tu mimi ni mtu wa serikali.

Mume wangu nimwite Baba Joy. Ni mtu wa kule ziwani, ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ni mpole, mtu wa kanisa, na miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniuliza habari za kazi. Alikuwa akisema, "Mambo ya jeshi nitayasikia kwa redio kama wengine." Nilishukuru Mungu kwa mwanamume kama huyo, kwa sababu wenzangu wengi kazi hii imewavunjia nyumba.

Mwaka huu akabadilika. Kwanza ilikuwa mzaha: "Mama Joy, hao askari wako wanakula ugali au wanakula mawe?" Tukacheka. Safari iliyofuata akanihurumia, eti nachoka sana, eti mkubwa wangu mpya ni mkali? Mimi sikuwa nimemwambia kuna mkubwa mpya. Baadaye akataka kujua malori huingia siku gani. Ndugu zangu, hayo ndiyo mambo ninayofundisha. Mtu aliyetumwa huanza na mzaha, anaingia na huruma, kisha anaomba kitu kidogo ambacho hakionekani kama siri. Nilimtazama baba wa mtoto wangu akinimiminia chai nikaanza kuyahesabu maswali yake.

Nikaamua kumpima. Jumapili moja tukimenya ndizi jikoni, nikamwambia kama mtu anayelalamika tu, "Alhamisi ijayo tutateseka. Wageni wanakuja na wote watapitia lango la nyuma." Kambi yetu haina lango la nyuma. Sikumwambia mtu mwingine yeyote duniani uongo huo.

Niliporudi mwezi uliofuata, tulienda Kisii mjini kumnunulia mtoto wetu Joy viatu, tukaingia hoteli fulani kula. Hapo akatukuta rafiki ya mume wangu, mwanamume nadhifu anayejiita Mhandisi. Nilikuwa nimemwona mara moja pale dukani, nikaambiwa ni mteja. Akanisalimu kwa heshima, akavuta kiti, akasema akicheka, "Shemeji, siku hizi wakubwa mnawapitishia lango la nyuma?" Nikamgeukia mume wangu. Baba Joy aliinamisha macho, akaanza kumkatia mtoto nyama ambayo ilikuwa imeshakatwa.

Tulipofika nyumbani nikambana. Alikana, kisha akalia. "Nilimwambia kama stori tu. Anatafuta kandarasi ya kupeleka kabeji na ndizi huko kambini. Ana stoo Marani. Alisema tukishirikiana hata mimi nitainuka. Wewe Mama Joy umezoea kuona kila mtu ni adui, hata mimi unanitegea mtego kama panya!" Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yana ukweli. Nililala nikijiuliza kama ni kazi iliyoniharibu.

Siku ya soko nikaenda Marani peke yangu, nimejifunga leso kama mnunuzi yeyote. Nikauliza wauza kabeji, nikauliza wabeba mizigo, nikauliza mama anayekodisha stoo. Hakuna anayemjua mtu huyo. Hakuna stoo. Nilirudi nikamwambia mume wangu, "Mpigie sasa hivi, mbele yangu." Akapiga, simu imezimwa. Tangu siku hiyo Mhandisi hajaonekana dukani wala mjini.

Baba Joy amepiga magoti mara mbili akiniomba nisiripoti. Sheria ya kazi yangu iko wazi: mtu akikuuliza maswali kama hayo, unamwambia mkubwa wako, hata kama ni wa nyumbani kwako. Nikisema, mume wangu atachukuliwa kuhojiwa, na mimi sidhani nitaachwa kwenye kiti hicho. Nikinyamaza, nawawazia wale vijana wa langoni wanaoniita Mama, siku moja kitu kiwapate na mimi nilijua. Nilienda kwa tata, baba yangu, mzee wa kanisa kule Nyamache. Akasema, "Sheria ni sheria, mwanangu. Lakini siku Joy akiuliza nani alimpeleka baba yake kuhojiwa, utamjibu nini?" Nikarudi na mzigo mzito kuliko niliokwenda nao.

Na kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Ile siku alipompigia Mhandisi mbele yangu, mume wangu hakutafuta jina kwa simu. Aliandika namba yote kwa kichwa, haraka, bila kusita. Huyu ni mtu ambaye namba yangu mimi mke wake huisoma kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani dukani. Mteja wa misumari unakariri namba yake ya nini?

Jumatatu narudi kambini. Jana amenipigia pasi nguo zote za safari, kitu ambacho hajawahi kufanya, na akaniuliza kwa upole nitaripoti zamu saa ngapi. Nikaendelea kufunga begi langu. Nyinyi mlio na ndoa, na nyinyi mnaojua kazi za siri, naomba mniambie bila kunionea haya: nigonge mlango wa mkubwa wangu niseme yote, au nimlinde baba wa mtoto wangu? Mngekuwa mimi, mngefanya nini?