Mawe Meupe ya Dobi

Salamu ya kila siku ina lake jambo. Hivyo ndivyo alivyoamini dobi wa ufukweni, na kwa sababu hiyo msimamizi wa ujenzi alipopita kila asubuhi na "Shikamoo, mama" yake, aliguna tu akaendelea kukamua shuka.

Miaka ishirini na sita alifulia vibanda vya mbao kando ya ziwa, vibanda vya milango inayolia na choo cha nje, na wageni walivipenda hivyohivyo. Mzee mwenye vibanda, kabla ya kufa miaka tisa iliyopita, alimwachia kile cha mwisho kwa maandishi: kibanda, na ardhi kuteremka hadi kwenye mawe meupe. Vingine warithi wameviuza, na mahali pake yamesimama majumba ya ghorofa, vioo vitupu, yenye kuta ndefu kama za jela. Sasa tajiri wa jumba jipya alitaka ukuta mpakani mwa dobi. Siku ya kupima ikapangwa.

"Watayasogeza mawe yangu," alimwambia mdogo wake. "Mtu hakuamkii bure miezi mitatu."

"Dada, wewe nawe! Umeumwa na nyoka, sasa hata ung'ongo unakushtua."

"Afadhali nishtuke mapema." Dobi bila maji ni nani? Akageuza beseni lake, akawa anafua huku akiyakodolea macho mawe.

Mpimaji alikuja na kamba na karatasi. Akasimama kwenye mawe, akatazama ziwa. Kutoka hapo hadi majini zilikuwa hatua arobaini.

"Mpaka wako unaishia hapa, mama. Huko chini si kwako."

Loo! Mzee alipokufa, mawe yale yalikuwa yakilambwa na mawimbi.

"Ni huyo!" dobi akapaza sauti, kidole usoni pa msimamizi. "Mwizi huyo, na shikamoo zake!"

Msimamizi aliinama, akavuta jiwe moja. Halikung'oka, mizizi ya nyasi ilikuwa imelikamata pande zote.

"Mimi nina miezi mitatu tu hapa, mama," akasema taratibu.

Dobi akashusha kidole. Kila ziwa lilipojaa, yeye mwenyewe aliyapandisha mawe yasizame, akayapaka chokaa yapendeze. Maji yakishuka, nani alikumbuka kuyarudisha? Mungu wangu, mikono yake mwenyewe!

"Niandike nani kayasogeza?" mpimaji akauliza. "Kama ni wajenzi, mpaka unarudi majini."

Msimamizi akamsogelea dobi, akanong'ona, "Sema ni sisi. Sitakataa."

Na huyu naye anatafuta nini? Akamkagua kuanzia kofia hadi viatu, na viatu vilikuwa vimepasuka ubavuni. Akiitikia uongo ule, huyu kesho hana kazi. Dobi akaona haya, haya ya kweli.

"Andika mimi," akasema.

Ukuta ulisimama mwezi uleule. Siku hizi dobi huzunguka majumba manne na ndoo kichwani ili apate maji ya kufulia. Jana msimamizi alimkuta kwenye kona ameitua, anahema.

"Shikamoo, mama."

Dobi akajifuta jasho kwa upande wa kanga.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hebu nitwike."