Kimya cha Shangazi Zuhura

Mpaka leo siwezi kuvumilia harufu ya zafarani. Wenzangu wakifunuliwa sufuria la pilau shughulini wanameza mate, mimi natafuta pa kugeuzia uso. Harufu hiyo ilijaa nyumba ya bibi yangu, Chang'ombe, kipupwe kimoja nilipokuwa na miaka tisa, upepo wa Dodoma ukitupiga vumbi mpaka mchanga unasagika menoni wakati wa kula. Ilitoka kwenye kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Mgonjwa wetu alikuwa Shangazi Zuhura, dada yake baba, fundi cherehani niliyelala naye kitanda kimoja. Alikuwa na afya kunishinda mimi. Ugonjwa wake ni kwamba hakutaka mume.

Alikwisha kataa posa mbili. Ya tatu ilitoka Kondoa, kwa mfanyabiashara wa nafaka, mpole, mcha Mungu, hata meno yake mazuri. Shangazi aliisoma barua, akaikunja vizuri, akasema hana neno na mtoto wa watu, ila mume hamtaki, si huyo wala mwingine. Ana mtu wake? Hana. Kuna aliyemuumiza? Hakuna. Hapo ndipo nyumba ilipochanganyikiwa, maana sababu yoyote wangeielewa, hata iwe mbaya, lakini kukosa sababu kuliwatisha. Usilolijua ni usiku wa giza. Bibi akakata shauri: mwanamke asiyetaka mume anaye mume asiyeonekana. Jini mahaba! Baba, aliyekuwa msimamizi wake tangu babu afariki, akamwambia mshenga arudi Ijumaa ya wiki inayofuata, Zuhura atakuwa ameshasafishwa.

Walihitaji shahidi, wakaniita mimi. Nilikaa mkekani mbele ya baba, bibi na mwalimu wa kisomo, mzee mwenye sauti laini ambaye sikuwa namwogopa hata kidogo. Akaniuliza kama shangazi huongea peke yake kitandani. Ukweli ni kwamba shangazi alikuwa akilala kama gogo, mimi ndiye niliyempiga mateke. Lakini watu wazima watatu walikuwa wameniinamia, kimya, wakingoja neno langu, na mimi katika nyumba ile sikuwahi kusikilizwa hata nilipoumwa jino. Nikasema, "Huwa anacheka na mtu. Simwoni." Bibi akajipiga kifua, "Lisemwalo lipo! Mtoto hadanganyi." Nilijisikia mkubwa kwa muda wa chai moja hivi. Kisha nikaona wanafunika cherehani yake kwa shuka, nikajua nimefanya jambo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku saba. Kombe asubuhi, dawa ya majani machungu mchana, ubani jioni akiwa amefunikwa blanketi mpaka anakohoa. Alitapika, akakonda, mifupa ya shingo ikamtoka. Bibi mwenyewe alikuwa akilia huku akimshikia beseni. Alimpenda binti yake, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba yote yale yalifanywa kwa mapenzi. Kubeba kikombe ilikuwa kazi yangu. Siku ya tano shangazi alikipokea, akaniangalia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nacheka na nani?" Nikaangalia miguu yangu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akasema, "Wewe mlenda huupendi. Umewahi kuonja ukakudhuru?" Nikasema hapana. "Kuna jini anakukataza?" Hapana. "Basi. Hiyo hamu ya mume wanayosimulia wenzangu, mimi sinayo, sijawahi kuwa nayo. Nawapenda ninyi, naipenda kazi yangu. Siumwi." Akanywa.

Ijumaa mshenga akaja baada ya swala, kanzu inanukia pasi. Shangazi aliwekwa nyuma ya pazia la chumbani, ameegemea ukuta, mimi kando yake. Sasa kwetu msichana akiulizwa posa akanyamaza, amekubali. Husemwa ni haya tu iliyomfunga mdomo. Baba akauliza mara ya kwanza, "Zuhura, umeridhika?" Shangazi alifumbua midomo, sauti haikutoka, koo lilikuwa limekwanguliwa na matapishi. Mara ya pili. Nikaona machozi yanamtoka na mkono unapapasa ukuta, na kule sebuleni bibi keshaanza kuvuta pumzi ya kupiga kigelegele. Mara ya tatu. Kimya. "Alhamdulillahi," akasema baba.

Nikavuta pazia likakatika. "Nilidanganya! Hacheki na mtu! Hataki, kanywa dawa mpaka hawezi kusema!" Baba alinizaba kofi ambalo sikio hili la kushoto linalikumbuka. Lakini pazia lilikuwa chini, na mshenga alimwona yule aliyekuja kumposa: mifupa mitupu, anatikisa kichwa kukataa, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mshenga akasimama. "Mimi nimeona," alisema, "na siwezi kwenda Kondoa kusema nimesikia ridhaa." Akaomba barua yake, akaondoka bila kugusa chai.

Bibi alimnunia bintiye karibu mwaka mzima. Shangazi alihamia Miyuji na cherehani yake, na yuko huko hadi leo, amesuka nywele zenye mvi, mafundi wanne chini yake. Siku hizi vijana wa chuo wanaokuja kushonesha wana jina la hali yake, wanalisoma kwenye simu, na binti mmoja alipomwonyesha, shangazi alivaa miwani akasoma hadi mwisho, kisha akamshonea gauni bure. Hapo nikapata moyo wa kuomba radhi niliyoikalia miaka yote hii, mimi mwanamke mzima mwenye watoto. Akacheka. "Wewe nilikusamehe siku ile ile, ulikuwa mtoto. Nawasubiri waliokuwa watu wazima."

Bibi tulishamzika. Baba yuko hai, anakaa mitaa miwili kutoka kwake, na kila Idi anapopita kula pilau yake humuuliza kama bado hajapata mtu.