Plafon Ambayo Papa Alikataa Kuifunika

Enzi zetu pale Tshopo, mutoto hakuitwa mara mbili. Mama akisema "twende", unaacha nzango, mchezo wetu wa miguu, mguu ungali hewani, unafuata. Wajukuu wa leo ukiwaita wanajibu "nakuja, Koko", unangoja mpaka pondu, kisamvu chetu, inapoa.

Wa umri wangu mnakumbuka. Miaka ya Citoyen na Citoyenne, kila mutu anaitwa raia, nywele zetu zimesukwa kwa uzi zikasimama kama misumari. Asubuhi shuleni tuliimba na kukichezea Chama kwanza, kile kimoja cha nchi nzima, hesabu baadaye. Jumamosi ni salongo, kufyeka majani na kuzibua mifereji. Jioni lituma, ndizi iliyotwangwa mpaka inavutika, na samaki wa wavuvi Wagenia kama Mungu amejalia. Nasikia watu wanasema maisha yalikuwa matamu. Chakula kilikuwa kitamu. Mengine tulikuwa tunaogopa.

Papa alikuwa fundi wa kupaka jasi. Zamani alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, na ile mashine ilikula masikio yake. Ukitaka akusikie, unasimama mbele yake. Mama aliuza vyungu sokoni, na hakununua chungu bila kukigonga kwa kidole kilichokunjwa. Chenye ufa kinajibu vibaya hata kama jicho halioni kitu.

Basi, Chama kilikuwa kinajenga ukumbi upande wa Simi-Simi. Plafon, yaani dari, ilikuwa ya plaki, vile vibao vya jasi vilivyovikwa karatasi, vilikuja na mashua kutoka Kinshasa. Mafundi wengine walizipigilia, wakaondoka. Papa aliitwa kumaliza, apake jasi juu ya viungo na misumari mpaka iwe nyeupe tupu. Mukubwa wa Chama alikuwa anatoka Kinshasa kuufungua, na sisi wasichana wa shule ndio tungecheza ndani, na ngoma kumi.

Siku ile Papa alirudi saa sita, hakugusa sahani.

"Mama Sifa, kuja na masikio yako," akasema. "Ile plafon siiamini."

Mimi ndiye Sifa. Nilifuata kwa sababu hakuna aliyenikataza.

Papa alikuwa na desturi yake. Jasi ikishapakwa, alisema, hata mwizi anaonekana mtakatifu, kwa hiyo kazi inahukumiwa ikiwa uchi. Alifunga madirisha yote mchana ule, akawasha taa, akapanda jukwaa na kuiweka ile taa pembeni karibu kabisa na plafon, mwanga uteleze chini yake. Palepale plafon iliyoonekana sawa ikawa na matumbo na mashimo. Akapitisha kiganja. Misumari mingi ilikuwa imezama mpaka ikapasua karatasi, na msumari uliopasua karatasi haushiki tena kitu.

Halafu Mama akapanda. Aligonga polepole, kiungo kwa kiungo. Penye shevro nyuma, ule mti wa kushikilia, palijibu kavu: ko. Katikati ya ukumbi, plaki mbili zilipokutana, pakajibu: bu. Akahama hatua moja. Bu. Akamgeukia Papa, akamwonyesha kwa mkono, hapa hadi pale.

"Hakuna mti. Ncha zinaelea."

Mlango ukafunguliwa. Citoyen Délégué, mutu wa Chama wa zone yetu, aliingia na suti yake ya abacost iliyopigwa pasi.

"Kwa nini kuko giza? Kwa nini hamujaanza?"

Papa alishuka, akasimama mbele ya mdomo wake ili asikie. "Citoyen, hii plafon haiko bien. Ifunguliwe katikati, tuongeze shevro. Siku tatu."

"Siku tatu iko wapi? Nani alikuambia?"

"Bibi yangu."

Délégué alicheka kidogo. "Citoyenne anauza vyungu, sasa anasikia plafon."

"Ubovu una sauti moja, Citoyen, kwa chungu na kwa plafon," Mama akasema toka juu.

Kicheko kikaisha. Délégué alisema taratibu: "Papa, unajua wanaochelewesha kazi ya Taifa wanalala wapi. Paka. Jasi itashika yote."

Papa alinitazama mimi, si Délégué. Akaweka mwiko wake chini. "Jasi haishiki, inaficha. Watoto watacheza hapa. Sipaki."

Mjini kwetu mutu alikuwa anapotea kwa neno dogo kuliko hilo. Nilianza kuhesabu nani atatulea.

Mama akainama kutoka jukwaani. "Bon, Citoyen. Bwana wangu atapaka. Wewe simama hapa chini yangu, nami nitaendelea kugonga, mpaka amalize."

Akagonga. Bu. Punje za jasi zikaanguka sakafuni.

Délégué alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukafika ukutani. Nadhani hakujua kama amesogea. Alipojua, alituona sote tumeona.

"Fungueni," akasema, akatoka.

Kwa plaki ya kwanza Papa hakuhitaji hata nyundo, aliivuta kwa mikono ikamfuata kama jani. Siku ya tatu Mama aligonga tena, ikajibu ko, ndipo Papa akapaka. Tulicheza mle siku ya Mukubwa, ngoma kumi, na hakuna aliyetazama juu. Papa hakuitwa tena kwenye kazi ya Chama hata moja. Mwaka ule pondu tuliila bila samaki, na usiniulize kama tulinung'unika, tulinung'unika sana.

Leo mjukuu wangu ni fundi wa plafon, na za kwake zina ngazi na taa za rangi kama keki ya harusi. Juzi nilimkuta anapaka jasi, plaki zimepigwa asubuhi ileile. Nikamwambia angoje, achungulie kwanza kwa taa. "Koko, client iko presse, ana haraka," akanijibu, na mwiko haukusimama.

Papa alitishwa jela, akakataa kufunika. Hawa hakuna anayewatisha, na wanafunika.